Kahawa ya Wenyewe: Shajara ya Addis Ababa

Ijumaa, 3 Januari 2025

Nimefika jana jioni. Asubuhi nimepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, nikasimama katikati kutafuta pumzi. Mji huu uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa Moshi tunajiita watu wa mlimani, kumbe mlima tunautazama tu. Hawa wamejenga mji mkuu mlimani.

Saa ya ukutani dukani ilionyesha mbili, simu yangu ikaonyesha nane, na zote zilikuwa sahihi. Waethiopia wanaanza kuhesabu saa kunapokucha, kama sisi. Tofauti ni kwamba sisi tunatazama mshale ulio kwenye nane tukatamka "saa mbili", na hakuna anayeshangaa. Wao wameuweka mshale kwenye mbili, basi.

Kwa saa niko nyumbani. Kwa kalenda nimepotea. Kwao leo ni tarehe 25 ya mwezi wa Tahsas, mwaka 2017. Mwaka una miezi 13, na huo wa mwisho una siku tano, au sita mwaka mrefu. Krismasi nimeshakula Moshi, na sasa naambiwa inakuja Jumanne.

Jumamosi, 4 Januari

Kitanda kilitikisika usiku wa manane. Nilipotoka uani nikawakuta majirani wamejifunika gabi, zile shuka nzito za pamba, wanaongea kwa sauti ya chini. Mama mwenye nyumba akasema tetemeko limetoka Awash Fentale, mashariki. Ardhi haijatulia kwa wiki kadhaa na maelfu ya watu wanahamishwa. Ni Bonde la Ufa lile lile linaloteremka mpaka kwetu Manyara.

Kulipokucha alikuwa ameshawasha mkaa. Akaosha kahawa mbichi, akaimwaga kwenye kikaango, akakaanga polepole mbele yetu. Ilipoanza kutoa moshi akapitisha kikaango kwa kila mmoja ili tuvute harufu yake kwa kiganja. Ikatwangwa, ikaingia kwenye jebena, birika la udongo lenye shingo nyembamba. Mkupuo wa kwanza unaitwa abol, wa pili tona, wa tatu baraka. Kuondoka kabla ya wa tatu si adabu. Saa nzima ilipita hivyo, na hakuna aliyezungumzia tena tetemeko.

Jumatatu, 6 Januari

Waumini wa Orthodoksi wamefunga tangu Novemba: hawali nyama, maziwa wala mayai. Kwa mwaka mzima Jumatano na Ijumaa nazo huwa hivyo, isipokuwa katika siku hamsini baada ya Pasaka. Ndiyo maana hata kibanda cha mtaani kina sahani ya mfungo: injera moja pana, juu yake shiro (mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde), dengu nyekundu, mboga za majani, viazi na karoti. Injera ni ya unga wa teff, nafaka ndogo ya huku, uliochachushwa siku kadhaa, ina uchachu na vitundu vingi vya kunyonya mchuzi. Mkono wa kulia ndio kijiko, na sahani ni ya wote.

Jioni nilikuta foleni ya minibasi za bluu na nyeupe. Nasema foleni kwa maana yake halisi: watu wamejipanga ukingoni mwa barabara, mmoja nyuma ya mwingine, mita nyingi, na hakuna anayechungulia dirisha ili arushe mkoba kwenye kiti. Konda anaita "Mexico! Mexico!", ambacho ni kituo humu humu mjini, si safari ya ng'ambo. Mzee aliyekuwa mbele yangu aliposikia natoka Tanzania akasema "Nyerere" na kuuelekeza mkono upande wa makao ya Umoja wa Afrika. Huko sanamu yake ilizinduliwa Februari mwaka jana.

Mabango sisomi. Maandishi yao yana herufi zaidi ya mia mbili, na mimi mwenye shahada natafuta duka la dawa kwa kuangalia msalaba wa kijani.

Jumanne, 7 Januari

Genna, Krismasi yao. Kondoo walioongozwa barabarani tangu juzi leo hawaonekani; ngozi zao zimerundikwa kando ya njia zikingoja wanunuzi. Sebuleni wametandaza majani mabichi marefu. Wote wamevaa nyeupe. Kuku wa doro wat, mchuzi wa sikukuu, amekatwa vipande kumi na viwili, na vitunguu vyake vilikuwa vinaiva tangu jana.

Mama mwenye nyumba alikunja tonge kubwa, akaweka nusu ya yai juu yake, akanisogezea mdomoni. "Kula, mwanangu." Hiyo ndiyo gursha. Nina mvi, nina watoto wawili, na nilifungua mdomo.

Alhamisi, 9 Januari

Nimetembea Piassa. Sehemu kubwa ya mtaa wa zamani ilibomolewa mwaka jana. Sasa kuna barabara pana, taa mpya na njia za baiskeli. Wanaoipita, wengine wanapiga picha, wengine wananionyesha kwa kidole mahali palipokuwa na duka la mjomba.

Kando ya ukuta wa ujenzi, msichana ameweka jebena, viti vifupi na ubani. Nimekaa. Miaka mingi kazi yangu imekuwa kuchambua kahawa, kwa hiyo macho yaliangukia kikaangoni kabla ya kikombe: punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, ndogo kwa kubwa. Kwetu ningeziweka daraja la chini kabisa.

Jumapili, 12 Januari

Nimemuuliza mwenyeji wangu wa kazini kuhusu kahawa ile ya Piassa. Kahawa ya kiwango cha kuuza nje, kwa muda mrefu kanuni imekataza kuiuza soko la ndani, kwa sababu nchi inahitaji dola. Karibu nusu ya mavuno hubaki nchini, na kinachobaki kihalali ndicho nilichokiona Piassa. Arabika imetoka katika misitu ya kusini-magharibi mwa nchi hii, na wenye asili yake wanakunywa masalio.

Hata hivyo sijaona mtu anayeyanywa kama masalio. Yanaoshwa, yanakaangwa mbele ya mgeni, yanafukizwa ubani, yanamiminwa mara tatu. Pwani yetu nayo ina kahawa chungu na kashata barazani. Lakini Kilimanjaro, tunakoilima, asubuhi tunachemsha chai. Namjua mkulima aliyepeleka magunia ushirikani maisha yake yote bila kujua kahawa ya shamba lake ina ladha gani. Akiambiwa mnadani kwamba bei imeshuka kwa sababu ya ubora, atabisha kwa lipi?

Jumamosi, 18 Januari

Mkesha wa Timket, sikukuu ya ubatizo wa Yesu. Makasisi wametoa makanisani tabot, nakala takatifu za mbao za Agano, zimefunikwa vitambaa vya dhahabu, umati uliovaa nyeupe unazisindikiza hadi uwanja wa Jan Meda ambako zitalala. Minibasi hazipiti. Nimetembea nao kwa miguu, na pumzi sasa zinatosha.

Mkutano wa chama chetu cha wakulima ni Machi. Nitapendekeza tununue kikaango, kinu na vikombe, na kila mwanachama aonje kahawa yake kabla gari la mnadani halijafika. Mweka hazina atauliza faida iko wapi. Nitamwomba aonje kwanza, halafu tujadili bei.