Mpango wa kujifungua, Sehemu ya 4: Anzia kwenye kitochi

Mama zangu wa Handeni na Korogwe, leo naingilia mlango wa vijana wanaotengeneza tovuti. Usiondoke, utanielewa.

Mdogo wangu anafanya kazi hiyo. Nilimuuliza kwa nini tovuti nyingine inafunguka hata mtandao ukisuasua, na nyingine inazunguka tu mpaka unakata tamaa. Akaniambia kuna kanuni, ilielezwa Marekani mwaka 2003 na Steven Champeon na Nick Finck: mjengee kwanza mwenye simu dhaifu na mtandao mbovu. Maneno yatangulie. Picha na mapambo yaje juu yake, kwa anayeweza. Mapambo yakigoma, mtu bado anapata alichofuata.

Sasa tazama mipango yetu. Wengi tunaanzia kwenye mapambo. Baba atakuwepo, gari la shemeji litakuwepo, simu itakuwa na chaji, mvua haitanyesha. Nikiuliza: na ikiwa saa nane usiku, baba yuko kwenye mkonge, njia ya kijijini imejaa maji? Kimya. Lami ya Korogwe mpaka Handeni ipo, kilomita 65, lakini uchungu hauanzii kwenye lami.

Ndiyo maana naupenda mfumo wa m-mama, ambao Rais Samia aliuzindua kitaifa Aprili 2022. Unapiga 115, bure. Hautaki bando wala simu janja, kitochi kinatosha. Anayepokea anauliza dalili, anaangalia upelekwe wapi, anatafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, anampigia dereva ngazi ya jamii, yaani mtu wa huko huko mwenye gari lake, aliyesajiliwa, na malipo yake yanatoka kwenye mfumo, siyo mfukoni mwako. Njia ya pili ilipangwa tangu mwanzo! Ni kwa mjamzito, kwa aliyejifungua ndani ya siku 42, na kwa mtoto mchanga mpaka siku 28.

Nyumbani fanya vivyo hivyo. Chukulia simu haipo, maana simu ya familia mara nyingi inalala mfukoni kwa baba, na baba akisafiri nayo inasafiri. Andika 115 nyuma ya kadi ya kliniki, na kwa mkaa ukutani karibu na mlango, pale ambapo hata mtoto wa darasa la tatu ataiona. Jirani gani ana simu na anagongeka usiku? Mwambie leo, mchana. Mnaopanda kichuguuni kutafuta mtandao, nyumba nzima ijue ni kichuguu kipi. Na akiba isikae kwenye simu ambayo namba ya siri anaijua mtu mmoja. Hili wababa hawalipendi, lakini nalisema.

Damu kutoka, degedege, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, mtoto kupunguza kucheza: usisubiri kuche. Damu inayotoka nyingi baada ya kujifungua inaweza kuua ndani ya masaa 2.

Mdogo wangu anasema kabla ya kuachia tovuti wanazima mtandao makusudi, waone kinachobaki. Nawe jioni moja ficha simu, halafu muulize binti au mama mkwe: nikianza kutoka damu sasa hivi, unaanza na nini? Akisita, rekebisheni hapo hapo.

Niandikieni mlichokikuta. Sehemu ya 5 tutaongelea nani wa kukuchangia damu.