Simu Tisa, Mtoto Mmoja

Desemba 2025 tulimpeleka binti yetu wa miezi mitatu Sengerema akaonane na bibi yake. Kutoka Mwanza mjini tulipita Daraja la J.P. Magufuli, lile la kilomita 3 linalounganisha Kigongo na Busisi, lililozinduliwa Juni mwaka huo. Nimekulia katika foleni ya kivuko pale. Safari hii tulivuka maji kabla mtoto hajamaliza kunyonya. Nilimwambia mke wangu kwamba nchi imesogea. Sikujua kwamba kabla ya kuondoka nitajiona mimi mwenyewe ndiye niliyebaki nyuma.

Uani palikuwa na watu kama ishirini: mashangazi, mama wadogo, binamu na majirani. Mtoto hajafunuliwa kanga, simu zimeshainuliwa. Nilizihesabu: tisa. Mmoja alipiga picha nyayo zake, mwingine akamrekodi akipiga chafya, wa tatu akamwamsha usingizini kwa kuwa macho yalikuwa hayajaonekana. Alipoogeshwa kwenye beseni, mpwa wangu, msichana wa miaka 19, alipanda juu ya kigoda ili video itoke vizuri. Hakuna aliyetuuliza. Kusema kweli, hakuna aliyedhani kwamba lipo la kuuliza: mtoto ni wa ukoo, na picha yake ni ya ukoo.

Usiku, mwenzangu wa kazini aliyeko Dodoma alinitumia pongezi pamoja na ile video ya beseni. Aliipata katika kundi la WhatsApp ambalo mimi wala mpwa wangu hatumo. Hazikuwa zimepita hata saa sita. Mwanangu, mtupu, na jina lake kamili na la mtaa wetu yakiwa yameandikwa chini, alikuwa amesafiri nusu ya nchi bila wazazi wake kujua.

Nilikasirika kisomi, yaani sikupiga kelele, nilitoa mhadhara. Asubuhi, baada ya kuwaamkia wakubwa, niliwaeleza Ibara ya 16 ya Katiba inayolinda faragha ya mtu na ya familia yake. Nikaja kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inazihesabu taarifa za watoto kuwa ni taarifa nyeti. Nikawapeleka hadi Ufaransa, ambako tangu Februari 2024 ipo sheria inayowakumbusha hata wazazi kwamba sura ya mtoto ni haki ya mtoto mwenyewe. Mpwa wangu aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka. Shangazi mkubwa akauliza kama nimekuja kusalimia au kushitaki.

Mama yangu alinyamaza hadi watu walipotawanyika, kisha akaniita. "Baba, njoo ukae hapa." Akanikumbusha kwamba kabla yangu alizaa mtoto wa kiume, akafariki kwa surua akiwa na miezi minane. "Nguo niliyomvalisha siku ya kumzika naikumbuka," akasema. "Uso umenitoka. Mpiga picha alikuwa mjini, na hela hatukuwa nazo. Wewe unasema picha zimezidi. Mimi nasema Mungu ametukumbuka."

Sikuwa na kifungu cha kumjibu.

Lakini maneno yake yalinirudisha kwenye jambo jingine, ambalo siku hiyo sikuthubutu kumwambia. Nilipotetea tasnifu yangu ya uzamivu, karibu miaka 15 iliyopita, niliwaonyesha watahini picha ya mtoto niliyempiga kwenye mwalo mmoja wa Kisiwa cha Kome. Alikuwa uchi, tumbo limemjaa, ameketi kando ya dagaa walioanikwa. Picha ile ilisifiwa, nami nimeitumia darasani tangu wakati huo. Mama yake alikuwa hatua chache tu pembeni, akigeuza dagaa. Sikumwomba ruhusa; jina la mwanawe sikuliuliza. Mtoto yule, kama yu hai, sasa ni kijana wa umri wa chuo kikuu. Hakuna kinachomzuia kuwa mmoja wa wanafunzi wangu, ameketi safu ya nyuma, akitazama tumbo lake mwenyewe ukutani.

Hapa ndipo jambo la ua wetu linapokuwa jambo la nchi. Mpwa wangu alipiga picha kwa mapenzi, akakosea katika kusambaza. Sisi wenye vyeo, miradi na tafiti tunapiga kwa ajili ya ushahidi. Mtoto hapewi daftari wala chandarua mpaka kamera ifike, kisha uso wake unaingia katika taarifa ya robo mwaka. Mama yake haulizwi, kwa sababu mpokeaji hatarajiwi kuwa na neno. Shangazi angalau anamjua mtoto kwa jina.

Na sisi wa Kanda ya Ziwa tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Hapa kwetu watu wenye ualbino waliwindwa. Februari 2015, mkoani Geita, mtoto wa mwaka mmoja aliporwa mikononi mwa mama yake akauawa. Sisemi kwamba picha ndiyo iliyowaongoza wauaji. Nasema kwamba sisi tumeshaona, kwa macho yetu, kuwa si kila anayetaka kujua mtoto anaishi wapi anamtakia heri.

Kabla ya kuondoka tulikubaliana, na aliyeamua ni Mama. Picha zipigwe, ila isitumwe hata moja nje ya nyumba kabla ya kumuuliza mama wa mtoto. Ya kuoga isipigwe kabisa. Nilimwomba mpwa wangu radhi kwa kumwaibisha mbele ya watu. Alikwenda mjini akasafisha picha tatu, na moja sasa imetundikwa juu ya kiti cha bibi. Video ya beseni aliifuta kwenye simu yake. Kwingine ilikofika, hakuna kati yetu anayejua.

Nami nimeiondoa picha ya Kome katika mihadhara yangu. Muhula huu mwanafunzi mmoja anayerudia somo aliuliza ilikokwenda. Nilimweleza kwamba niliichukua bila ruhusa, kwa mama aliyekuwa karibu kiasi cha kuniitikia. Akauliza iwapo nimewahi kurudi kumtafuta. Nilimjibu kwamba bado. Kutoka Sengerema hadi Kome ni safari ya siku moja.