Tulipotengeneza Tangazo la Ngoma ya Newala

Ndugu msomaji, kabla hujaufikia ukurasa huu yamkini umekwisha kupita matangazo kadhaa pasipo kuyasoma. Macho yamegusa picha, yakagusa bei, yakaendelea na safari yao. Ni nadra mtu kujiuliza ni nani aliyeketi akaamua kwamba picha ikae juu na bei ikae chini, na kwamba jina la fulani liwemo na la fulani lisiwemo. Mimi hujiuliza, kwa kuwa kazi hiyo niliwahi kuifanya nikiwa mwanafunzi, na katika kuifanya nilishuhudia ubishi ambao haukuhusu rangi wala ukubwa wa herufi.

Mwaka 2011 nilikuwa nikisomea stashahada ya uandishi wa habari jijini Dar es Salaam. Katika somo la matangazo mwalimu alitugawa katika makundi ya watu watano watano, na kila kundi likatakiwa kutengeneza tangazo la ukurasa mmoja wa jarida, la kuuza albamu ya muziki. Makundi mengine yalikimbilia wasanii wa bongo fleva waliokuwa wakivuma wakati huo. Katika kundi letu alikuwamo binti mmoja mzaliwa wa Newala, ambaye mjomba wake, kaka wa mama yake, alikuwa akiongoza kikundi cha ngoma cha watu tisa. Kikundi hicho kilikuwa kimekwisha kurekodi nyimbo kumi katika studio ndogo ya mjini Masasi, na CD zilikuwa zimekaa ndani ya maboksi zikingoja mnunuzi. Binti akasema kwamba badala ya kuuza kwa mchezo kitu kinachojiuza chenyewe, twende tukauze kitu kilicholala. Tukakubali.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa kupenda historia. Alitueleza kwamba neno albamu lilitokana na kitabu hasa, chenye mifuko ya karatasi kama kile cha kuwekea picha. Santuri za zamani, zile zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba kiasi cha dakika tatu tu kila upande, hivyo muziki mrefu ulihitaji santuri kadhaa zilizotiwa katika kitabu kimoja. Majalada yake yalikuwa makavu, hayana picha, hata mwaka 1940 kijana mchoraji wa kampuni ya Columbia ya Marekani, Alex Steinweiss, alipoanza kuyachora. Tangu hapo watu wakaanza kununua muziki kwa macho kabla ya masikio. “Lakini msisahau,” mwalimu akamalizia, “karatasi haina sauti.” Kauli hiyo tulisafiri nayo.

Safari ya kusini wakati ule ilimfundisha mtu subira. Ukivuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, ulidhani umekwisha kufika, kumbe kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa bado hakina lami, na vumbi lake liliingia hata ndani ya mkate. Masasi tulifika usiku. Asubuhi tukaona yale majabali yake makubwa yaliyosimama peke yake kama watu waliosahauliwa baada ya mkutano. Ni mji wenye historia nzito: ndipo Askofu Edward Steere alipowaleta watumwa waliokombolewa mwaka 1876, wakaanza maisha mapya.

Mwenye studio alitupokea kwa ukarimu, akatuwekea nyimbo zote kumi, na kabla ya wimbo wa tatu kwisha akatueleza tangazo analolitaka. Katikati iwepo sura ya lipiko, kubwa, inayomtazama msomaji usoni. Juu yake yaandikwe maneno “Ngoma ya Asili ya Wamakonde”. Chini iwepo namba yake ya simu. Hayo tu. Wawili kati yetu walifurahi, kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha kufanyika, kilichobaki ni picha.

Kwa msomaji asiyefahamu, lipiko ni kinyago cha kuvaliwa kichwani, nacho wachezaji wake wakiwa wengi huitwa mapiko. Huchongwa kwa mti mwepesi, si kwa mpingo kama vile vinyago vya kuuzia watalii. Vingine hubandikwa nywele za mtu, na chale za usoni huwekwa kwa nta. Mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima, asionekane hata kidole. Hutokea katika sherehe za jando na unyago, na wanawake na watoto humtazama akicheza, humkimbia, humcheka. Kisichoruhusiwa ni wao kujua ni nani aliyemo ndani, wala kukiona kinyago kimevuliwa.

Kesho yake tukapanda uwanda wa juu kwenda Newala. Gari lilikwea kwa gia ndogo, na tulipofika juu upepo ukawa mwingine kabisa, wa baridi, nami niliyevaa shati jepesi la Dar es Salaam nikatetemeka mchana kweupe. Ukisimama ukingoni, mahali wenyeji wanapopaita Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma huonekana chini, na ng’ambo yake Msumbiji, walikobaki ndugu zao wengi. Tulimwamkia Mzee, akatuitikia, tukakaribishwa ugali wa muhogo kwa kisamvu, na shughuli yetu haikuzungumzwa mpaka tumekwisha kunawa.

Ubishi ulianzia kwetu wenyewe. Wenzetu wawili walikuwa wamepata habari za mchongaji mwenye lipiko zuri, wakataka kwenda kulipiga picha likiwa limewekwa juu ya kitambaa cheusi. Binti akasema yeye hatakwenda, wala wao wasiende kwa jina la kundi.

“Mnanitaka nikae chuoni nipange tangazo lenye picha nisiyopaswa kuitazama?” akauliza.

Mwenzetu mmoja, mtu wa hoja, akamjibu kwamba pale Mwenge, Dar es Salaam, vinyago hivyo vimetundikwa hadharani, na wanawake wa kila taifa huvishika, hununua na kuondoka navyo.

“Cha Mwenge kimechongwa kiuzwe,” binti akasema. “Hiki kimechongwa kicheze.”

Nilizitafakari hoja hizo mbili kwa muda mrefu, na kwa hakika sikuona iliyokuwa ya kipuuzi. Tulikuwa wageni wenye kazi ya darasa na siku tatu tu za kuifanya. Picha ya lipiko ingemsimamisha msomaji yeyote, mwalimu angeisifu, mwenye studio, ambaye fedha zake ndizo zilizolipia kurekodi, angeridhika. Upande wa pili alikuwapo mwenzetu mmoja tu, na tukio ambalo lilikuwa limetimiza mwaka mmoja tangu lisomwe magazetini. Mwaka 1984 lipiko moja liliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata likanunuliwa mjini Paris na makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller ya Geneva, likakaa Ulaya miaka 25, na halikurudishwa kwa Tanzania mpaka Mei 2010, baada ya mazungumzo marefu. Sisemi kwamba kupiga picha ni kuiba. Nasema kwamba sura ile ilikuwa na desturi ya kuondoka na watu wasioulizwa.

Binti akaenda kumwuliza mjomba wake. Miongoni mwa Wamakonde, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, neno la mjomba si la kupitisha kando. Tulitazamia hasira. Mzee alicheka kidogo, akatwambia, “Wanangu, lipiko akicheza ni lipiko. Akilazwa juu ya kitambaa ni mti. Mkiwaonyesha watu mti, mtakuwa mmeumaliza mchezo kabla haujaanza.” Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiri: katika nyimbo zile kumi, wimbo wa mapiko ni mmoja tu. Tisa zilizobaki ni za kulima, za kuposa, za sindimba, na mmoja wa kumsuta mtu aliyekula fedha za korosho. Mnunuzi atakayevutwa na sura ya lipiko atasikiliza wimbo mmoja, na tisa zitamshangaza. Katika miezi yote ya masomo sikupata kusikia maelezo bora kuliko hayo kuhusu tangazo la uongo.

Jioni ile watu tisa wakakusanyika uwanjani: wapigaji sita, na wanawake watatu waongozao nyimbo. Hawakuanza kupiga. Kwanza waliwasha majani makavu, wakaziinamisha ngoma zao kuelekea motoni, kila mmoja akiigeuza yake polepole na kuigonga kwa kidole ili ngozi ikaze na sauti ipande. Kulikuwamo kingoma kimoja chembamba chenye mguu uliochongoka, ambacho huchomekwa ardhini na kupigwa kwa fimbo nyembamba. Mwenyewe alikigonga, akasikiliza, akakirudisha motoni, akagonga tena. Dakika ishirini zilipita hivyo. Binti akanishika mkono akaninong’oneza kwamba tangazo letu ni hilo.

Alikuwa amelijibu fumbo la mwalimu. Kwa kuwa karatasi haina sauti, ya nini kuichora ngoma inayolia? Tuionyeshe ile dakika ya kabla, ambapo hata aliyepo uwanjani bado hasikii kitu. Picha tuliyoichagua ina mikono ya watu watatu na nyuso za ngoma zikimulikwa na moto. Mengine yote ni giza. Juu tukaandika: “Ngoma zimekwisha kuota moto. Sogea.”

Ubishi wa pili ulikuwa mjini Masasi, tuliporudi na rasimu. Sisi tulikuwa tumeandika majina yote tisa, kila moja na kazi yake. Mwenye studio hakuyataka. Nafasi ni fedha, akasema, na nani hununua majina ya watu wasiojulikana? “Ngoma ya Asili ya Wamakonde” inatosha, kila mtu ataelewa. Hoja yake si ya kudharauliwa na mtu anayejua gharama za kuchapisha. Lakini neno “asili” linanikera hata leo. Limekuwa gunia la kutilia kila wimbo ambao mtunzi wake hatutaki kumtafuta. Ule wimbo wa fedha za korosho ulitungwa miaka michache tu kabla ya safari yetu, baada ya kuanza kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani mwaka 2007, na mtunzi wake alikuwa mmoja wa wale wanawake watatu, ameketi mbele yetu akimnyonyesha mtoto.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa sauti za huku kusafiri. Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa bado havijapoa, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizunguka Masasi na Newala akiwa na kamera na mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta. Wanaume kwa wanawake waliimba mbele ya mdomo wa mashine ile. Nyimbo zikaenda Ujerumani, waimbaji wakabaki wakilima. Binti ndiye aliyetukumbusha hayo, pale pale studio, kwa sauti ya upole ambayo ilimfanya mwenye studio aangalie chini.

Mwenzetu yule wa hoja akasema kwamba jina gazetini halimpikii mtu ugali. Ni kweli. Hata hivyo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humpa mtunzi na mwimbaji haki zao, na sijui mtu atakavyodai haki ya wimbo ambao hakuna karatasi hata moja inayosema ni wake. Siku hizi jina la Konde limepanda thamani: Harmonize, kijana wa Mtwara, aliiita lebo yake Konde Music Worldwide, na mwaka 2020 akatoa albamu ya Afro East iliyotangazwa kila pembe, jina lake likiwa kubwa kuliko yote. Yeye anajulikana ni nani. Watu tisa wa Newala walihitaji kitu hicho hicho kwa kipimo chao.

Tuliafikiana. Namba mbili za simu, ya studio na ya mpwa wa Mzee, bei Shs. 3,000; majina yote. Mwalimu alitupa alama nzuri, ingawa alilalamika kwamba giza lilikuwa jingi. Baadaye mwenye studio alilipia robo ukurasa katika jarida moja la vijana, na ikatubidi kulipunguza tangazo kwa zaidi ya nusu. Tulifuta aya nzima ya sifa niliyoiandika mimi, iliyokuwa na maneno kama “tamu” na “isiyo kifani”. Hakuna aliyeililia. Majina yakabaki, kwa herufi ndogo mno.

Mwaka uliofuata, msimu wa korosho, binti alikwenda nyumbani akapita stendi ya Masasi. Katika kibanda kimoja akaikuta albamu ikiuzwa kwa bei ya nusu, CD nyeupe za kunakiliwa. Mwenye kibanda hakuwa na jalada lake, hivyo alikuwa amelikata tangazo letu kutoka jaridani, akalitoa fotokopi, akaifungia kila CD. Moto ulikuwa umegeuka doa jeusi. Majina tisa yote yalikuwamo, yanasomeka. Namba za simu alikuwa amezikata.