Barua isiyokuwa na kosa



Juma hili sitasema juu ya usafi wala juu ya mbegu. Nataka kuwaeleza kosa nililofanya mimi mwenyewe darasani, na ambalo mtoto wa mwenzetu alililipia mwaka mzima.

Mama huyo ni wa chama chetu. Alinipa ruhusa ya kuandika haya, ila jina lake sitalitaja. Mume wake alikuwa kwenye machimbo upande wa Ndjingala, huko Walikale, na kule alikokuwa telefone haikushika. Binti yao mkubwa alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na alitakiwa kulipa pesa ya kushiriki Exetat. Siku zilikuwa zinakaribia. Mama hakusoma. Akamwita kijana wake, mwanafunzi wangu wa mwaka wa sita wa shule ya msingi, akamwambia: "Andikia baba yako." Barua ikapewa motari, ikapita Nyabiondo na Kashebere, ikafika.

Pesa nayo ilitumwa, lakini haikufika nyumbani. Baba aliituma moja kwa moja kwa mwenye shamba wanalokodi. Siku ya mwisho ya kulipa Exetat ikapita, binti akakaa. Mnajua wenyewe msichana akikaa nyumbani bila masomo kinachofuata: haukuisha mwezi wa tatu, watu wakaja kuuliza kama yuko tayari kuolewa.

Baba aliporudi alikuwa na ile barua mfukoni. Alisema tu: "Mimi nilifanya kile mliniandikia." Ndipo mama akaniletea. "Mama Mwalimu, soma. Kosa liko wapi?"

Nilisoma mara mbili. Mwandiko safi, herufi kubwa mahali pake, nukta mahali pake. Ilianza hivi: "Baba mpendwa, nachukua biki yangu ya buluu ili nikuandikie mistari hii michache." Zikafuata salamu, afya, hali ya hewa, salamu za majirani. Chini kabisa, juu ya jina lake, mstari mmoja: "Mama anasema utume ile pesa mlisema, mbele wakati upite."

Pesa gani? Kabla baba hajaondoka, yeye na mke wake walikuwa wamesema juu ya pesa mbili: ya shamba na ya Exetat. Na kwa mkulima wa Masisi, wakati unaopita ni wakati wa kupanda. Baba alichagua kwa akili zake, na hakuchagua vibaya. Barua ndiyo haikumwambia.

Wamama, kilichoniuma ni hiki: kama kijana yule angeniletea barua ile darasani, ningempa pointi 9 kwa 10. Ile "biki ya buluu" ni mimi niliyeiandika ubaoni, wakanakili wote 62. Niliwafundisha mwanzo, kiini na mwisho, kama nilivyofundishwa mimi kule ISP. Lakini kwenye kiini niliangalia tu kama kuna mistari ya kutosha. Sikuwahi kuuliza kama mtu anayeisoma atajua la kufanya.

Tangu siku ile nimebadilisha. Sasa, mbele ya mtoto kushika biki, anajibu maswali matatu kwa mdomo: Nani atasoma? Anajua nini tayari? Unataka afanye nini? Salamu zimebaki, maana sisi hatuingii kwa mtu bila kumsalimia. Ila zisipite mistari miwili, kisha jambo lenyewe linasemwa, na linasemwa kwa jina lake: kitu gani, kiasi gani, cha nani, siku gani. "Ile pesa" haikubaliwi. "Pesa ya Exetat ya dada, ifike mbele ya Ijumaa" inakubaliwa.

Tuna na mchezo. Mtoto mmoja anaandika njia ya kutoka darasani mpaka mahali fulani bila kupataja. Mwingine anachukua karatasi na kutembea kama ilivyoandikwa, bila kuuliza neno. Mara ya kwanza aliyetumwa kwenye bomba la maji alijikuta mbele ya choo. Darasa lilicheka mpaka mkurugenzi akaja kuangalia. Lakini aliyeandika alichukua karatasi yake mwenyewe, akaisahihisha bila mimi kumwambia. Biki yangu nyekundu ilikuwa haijapata kumfanya afanye hivyo.

Mzazi mmoja aliniuliza kama nimeacha kufundisha kuandika bila makosa. Hapana. Kwenye daftari ya AVEC yetu, "nimelipa" na "nimelipwa" zinatofautiana kwa herufi moja, na herufi hiyo inaweza kuleta ugomvi wa nyumba mbili. Herufi ni lazima. Nilichoelewa ni kwamba andiko linaweza kuwa na herufi zote sawa na bado lisimsaidie mtu.

Najua wengine mtasema: "Sisi hatukusoma, tutawasaidia watoto namna gani?" Nitawajibu na mfano wa hapa kwetu. Huko Walikale, mwaka 1956, mzee mmoja wa Banyanga aitwaye Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck, mtafiti kutoka Ubelgiji, hadithi ya Mwindo. Alisimulia, akaimba na kucheza kwa siku 12. Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, mtoto wa Banyanga, aliitoa katika kitabu mwaka 1969, na leo inasomwa kwenye vyuo vikuu vya mbali. Rureke alikuwa msimulizi tu, ila angalieni alivyopanga maneno yake. Hachelewi kukueleza shida: chifu Shemwindo amekataza wake zake wasizae mtoto mwanamume. Ukisikia hilo, hutoki kwenye moto mpaka ujue mtoto atapona namna gani. Na kila mtu ana jina lake: kijiji ni Tubondo, shangazi anayemsimamia Mwindo ni Iyangura. Hakuna "yule mtu" wala "ile fasi".

Ninyi pia mnajua hivyo. Mama akisimulia sokoni namna alivyodanganywa bei ya mafuta ya ngazi, hasahau ni kopo ngapi, ni siku gani, na muuzaji alijibu nini. Mtoto wenu anasikia hayo kila jioni kwa Kihunde, kwa Kinyanga, kwa Kinyarwanda. Akifika masomoni anayaacha mlangoni, anavaa maneno ya kuazima. Sehemu ya kosa hilo ni yetu sisi walimu.

Basi ombi langu ni moja. Mtoto akiandika kitu, barua, ujumbe wa telefone au kazi ya masomo, mwambieni akisome kwa sauti, na kwa lugha ya nyumbani kama ni lazima. Pale msipoelewa, msimamisheni. Msione haya, msifikiri ni kwa sababu hamkusoma. Mara nyingi ni kwa sababu hakuandika.

Yule binti alifanya Exetat mwaka uliofuata. Mama yake alikuwa amewarudisha wale wageni na zawadi zao. Baba amerudi machimboni, na barua bado zinaandikwa na kijana yule yule. Lakini sasa mama anakaa pembeni yake kwenye kiti kidogo, taa katikati, na kabla karatasi haijakunjwa anamwambia: "Soma." Kijana anasoma. "Pesa gani?" mama anauliza. "Ya nani? Siku gani?"

Jibu likikosa, barua hailali kwa motari.