Toka Kabondo Mpaka Lubumbashi: Ndege Inachukua Saa Ngapi?

Katika familia nyingi za Kabondo kuko mtoto ao shemeji mwenye kutumika kwenye migodi ya Katanga. Siku matanga inapotokea, ulizo ni moja tu: tumungoje, ao tuzike? Kwa hiyo hesabu ya ndege si mambo ya wakubwa peke yao.

Toka Kisangani mpaka Lubumbashi, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilometa 1,360. Ndege kubwa ya jeti inaenda kilometa 800 kwa saa hivi. Ongeza dakika za kupanda na kushuka, utapata karibu saa mbili. Ile ya helisi itamaliza karibu tatu.

Lakini shida iko hapa: ndege ya moja kwa moja ikikosekana, msafiri anapitia Kinshasa. Kisangani–Kinshasa ni kilometa 1,220 hivi, Kinshasa–Lubumbashi karibu 1,550. Jumla ni mara mbili ya njia! Na kama ndege ya pili imekwisha kwenda, ni kulala Kinshasa, nako ukikosa ndugu wa kukupokea, hiyo ni pesa ingine.

Tena, chunga saa. Kinshasa iko nyuma ya Kisangani saa moja. Lubumbashi inafuata saa ya Kisangani. Ukitoka Kinshasa 10h00 na kuruka saa mbili, Bangoka utafika 13h00. Kurudi, ukitoka Bangoka 10h00, unafika 11h00, na mtu atasema ndege ya kwenda ilikuwa nzito. Hapana! Kwenye tike wanaandika saa ya kila mji, basi.

Wazee wanajua njia ingine: gari moshi kilometa 125 mpaka Ubundu, kwa sababu maporomoko ya Boyoma yanakataza masuwa kupita; halafu masuwa mpaka Kindu; toka pale gari moshi tena, kuelekea Kabalo na Kamina. Njia ni ya kweli, lakini ni ya mwenye subira, na maiti haina subira. Hata mto wa kwenda Kinshasa ni karibu kilometa 1,730, kwani unazunguka Bumba, Lisala na Mbandaka kama upinde. Ndege yenyewe inafuata kamba.

Goma ni karibu zaidi, kilometa 500 hivi, jeti haimalize hata saa moja na nusu. Lakini kiwanja chake kilifungwa Januari 2025, vita ilipoingia mjini. Ramani haikusaidia kitu.

Basi, mbele ya familia kukata siku ya maziko, mtu mmoja aende kuuliza wauza tike: ndege iko siku gani, inapitia wapi, saa iliyoandikwa ni ya mji gani? Na Bangoka iko karibu kilometa 17 toka katikati ya mji. Mwenye kumpokea msafiri atafute moto mapema, zaidi sana mvua ikinyesha.