Kabla Hatujawasha Mashine ya Kuchomelea

Njiro, Arusha

Mpwa wangu,

Huku mvua imechelewa na vumbi la mtaa linaingia hadi kwenye vikombe vya chai. Mama yako alinipigia kabla yako, akalalamika kwamba hela ya kuezekea nyumba umeinunulia gari. Nilikutetea. Nilimwambia Hilux dabo kabini iliyotunzwa haimpi mtu hasara, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa wa kwanza kudai kiti cha mbele siku ya harusi Marangu. Lakini hizi picha ulizonitumia za magari ya Australia, zenye droo mbili nyuma, hema juu ya paa, bampa la chuma, tangi la maji na friji inayotoka kwa reli, hizo siwezi kuzitetea kabla hatujaongea.

Unauliza nitakuchomelea lini. Tutachomelea tukishajua kilo.

Fungua kitabu cha gari, tafuta uzito wa juu unaoruhusiwa, kisha toa uzito wa gari likiwa tupu. Kwa dabo kabini nyingi utabakiwa na kitu kama tani moja, pungufu au zaidi kidogo kulingana na toleo. Tani moja inaonekana nyingi mpaka uanze kuigawa. Mtasafiri watatu, na hakuna mwembamba kati yenu: weka kilo 225. Kanopi ya faiba, 70. Bampa la chuma na winchi yake, 80. Hema la paa, 60. Droo ulizozipenda, pamoja na reli zake, 90 zikiwa bado hazina hata kijiko ndani. Friji yenye chakula, 40. Maji, 60. Mafuta ya akiba, 40. Tairi la pili la akiba, 30. Vifaa vya ufundi, 40. Betri ya pili, karibu 30. Jiko, mtungi na sufuria, 30. Mabegi, 60. Haya ni makisio yangu, lakini jumlisha mwenyewe: unapita kilo 850 na bado hujaweka viti vya kukalia jioni. Gari lako si jipya, springi zake za nyuma zimeshabeba saruji ya watu. Kwenye barabara ya lami litakwenda bila kulalamika. Ukiingia rafu rodi litaanza kukudai.

Na kilo zenyewe hazilingani. Inategemea umeziweka wapi, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo magari mengi yanapoharibikia. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, Hilux za siku hizi zina kama mita 3.1. Ukining'iniza kilo 100 mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, yaani pale kwenye mlango wa nyuma ambapo watu hupenda kufunga tairi na madebe, ekseli ya nyuma haibebi 100. Inabeba karibu 139, na ile 39 ya ziada imetolewa kwenye ekseli ya mbele. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinapoteza mshiko, taa zinamulika matawi ya miti. Kwenye makorongo, kila tairi la nyuma linapotumbukia, mzigo ule unapiga chasisi kwa nguvu mara kadhaa ya uzito wake.

Liliwahi kuletwa karakana gari ambalo bodi na kabini zilikuwa zimeachana kwa juu na kubanana kwa chini. Chasisi ilipinda pale pale nyuma ya kabini. Mwenyewe alikuwa ameona gari linainama nyuma, akashauriwa afunge mifuko ya hewa kati ya chasisi na ekseli ili linyanyuke. Likanyanyuka kweli. Lakini springi zile ndefu zinashika chasisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli, na nguvu inagawanyika. Mfuko wa hewa unasukuma sehemu moja tu katikati, huku mzigo wote uko nyuma yake. Kwa macho gari lilikuwa limenyooka, kumbe chuma kinakunjwa. Gari likiinama, punguza mzigo au usogeze mbele. Ukishindwa, badilisha springi zenyewe.

Kwa hiyo kizito kikae chini, na kikae mbele ya ekseli ya nyuma, kikiegemea ukuta wa kabini. Manahodha wa majahazi kule Tanga walilijua hili kabla ya Toyota kuzaliwa: farumi haiwekwi juu ya sitaha. Maji ni mazito, lakini ndiyo rahisi kupanga. Mtu mmoja weka lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia. Watatu kwa siku nne ni lita 60. Hayo ni madumu matatu ya lita 20. Sitaki tangi moja kubwa lenye bomba na pampu. Tangi likipasuka umemaliza maji yote, dumu likipasuka umebakiwa na mawili. Tena dumu unaweza kulibeba hadi kisimani.

Sasa droo. Najua zinavutia, kila kitu kinatoka mbele ya macho kama ofisini. Ila ubao mmoja wa plaiwudi ya milimita 18, ule wa futi 8 kwa 4, una kilo 30 na ushee, na droo mbili zenye sakafu ya juu zinakula mbao mbili. Halafu kuna reli zenye gololi. Unataka kwenda Mto wa Mbu, Engaruka, hadi Ngare Sero. Vumbi la huko ni majivu ya volkeno, laini kuliko unga wa sembe. Mlima Ol Doinyo Lengai ulilipuka 2007 na kuendelea 2008, na kabla ya hapo ulikuwa umelipuka mara nyingi. Vumbi hilo likiingia kwenye grisi ya gololi unapata msasa. Siku ya tatu utakuwa unaivuta droo kwa miguu miwili.

Ninachotaka kukutengenezea ni fremu na masanduku. Skwea paipu ya milimita 25, unene milimita 1.5, ina kilo 1.1 kwa mita. Fremu nzima haizidi mita 12, ambazo ni paipu mbili za mita 6, kwa hiyo kilo 13 au 14 za chuma. Ndani yake yanaingia masanduku manne ya plastiki ya sentimita 60 kwa 40, yenye vifuniko vya kubana. Kati ya matao ya magurudumu, bodi lako lina upana wa kama mita 1.1 na urefu wa mita moja na nusu. Masanduku mawili yakikaa ubavu kwa ubavu yanachukua sentimita 80, inabaki njia ya 30 pembeni kwa meza, viti na jiko. Kwa urefu yanachukua sentimita 120, inabaki 30 kule mbele, na hapo ndipo madumu ya maji yanapoingia. Juu tunafunika kwa plaiwudi ya baharini ya milimita 12, ubao mmoja tu. Mabegi na matandiko yanakaa juu yake, kwa sababu ni mepesi. Friji nakubali, maana dawa ya mama mkwe wako mtarajiwa inahitaji baridi (mama yako ameniambia), lakini ichukue mahali pa sanduku moja la nyuma, isiongezwe.

Faida ya sanduku hutaiona kwenye picha. Ukifika kambini unalitoa la jikoni zima zima na kuliweka chini ya mti; ukirudi Dar unalipeleka ndani kuoshwa, na gari Jumatatu linabeba mbao. Droo zikishafungwa, pikapu si pikapu tena.

Fremu tutaifunga kwenye matundu ya bolti zinazoshika bodi, si kwenye bati tupu. Penye ulazima wa kutoboa bati, chini tunaweka kipande cha chuma kipana ili bolti isipasue, na tundu linapakwa rangi siku hiyo hiyo, maana kutu haisubiri. Nati ziwe zile zenye plastiki ndani. Za kawaida zitalegea zote kabla hujafika Ngare Sero.

Kufunga mzigo nilijifunza nikiwa utingo, kabla sijashika mashine, kwenye malori ya Dodoma kwenda Iringa kupitia Mtera. Tulifunga kwa kamba ya katani na turubai, na dereva wetu alikuwa na mtihani mmoja: anapanda juu, anapiga teke gunia lolote alipendalo. Likisogea, mnashusha yote. Kanuni za Ulaya za kufunga shehena zinataka mzigo ushikiliwe usiende mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa pembeni na nyuma. Yule mzee hakuzisoma, ila teke lake nadhani lilikuwa kali zaidi. Wewe tumia mikanda ya kukaza kwa mshikio, miwili kwa friji, mmoja kwa kila safu ya masanduku, na mmoja wa peke yake kwa madumu. Ukifunga breki ghafla, kilo 60 za maji hazina habari kwamba mbele yake kuna kichwa cha mtu.

Koleo, kamba ya kuvutia gari na jeki zisiwe chini ya kitu chochote. Hivyo vinakaa kwenye zile nafasi nyembamba nyuma ya matao ya magurudumu, ambako mkono unafika ukiwa umesimama kwenye tope. Tochi ikae kabini.

Mafuta. Tangi lako lina lita 80, na hata likila lita 12 kwa kilomita 100 linakufikisha mbali kuliko unavyofikiri. Debe moja la akiba linatosha. Nunua lile la chuma lenye mishikio mitatu. Wajerumani walilibuni miaka ya 1930, na Waingereza walipoliona kwenye vita vya jangwa la Afrika Kaskazini wakaliiga, kwa sababu madebe yao membamba yalikuwa yakivuja mafuta mengi njiani. Mishikio ni mitatu ili watu wawili waweze kubeba pamoja debe lililojaa, na mtu mmoja abebe mawili matupu kwa mkono mmoja. Halafu lisafiri nje ya kabini. Mtungi wa gesi, ule wa kilo 6, usimame wima, na chini yake tutaacha tundu kwenye sakafu. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini.

Vumbi linaingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu gari likikimbia linaacha utupu nyuma yake na utupu huo unanyonya. Tutaweka mpira mpya kwenye mlango, hasa kwenye zile kona mbili za chini, na kidirisha cha mbele cha kanopi kiachwe wazi kidogo ili hewa isukume kutoka ndani.

Hema la paa, hapana. Kilo 60 juu ya kichwa kwenye mteremko wa pembeni sizipendi, na hema la chini ulilonalo linatosha. Bampa subiri. Winchi waachie wanaosafiri peke yao.

Njoo na gari tupu kabisa, toa hata zulia. Ulete tepu, masanduku yenyewe manne (usinitumie vipimo vya dukani, vinadanganya), friji kama umeshainunua, na kipande cha mpira wa kuweka chini ya fremu. Tutakwenda kwanza kwa wanunuzi wa mazao wenye mizani ya magari, tupime ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, tuandike ukutani. Kazi ya kuchomelea haizidi siku mbili ikiwa umeme hautakatika. Shangazi yako anasema uje na dagaa wa Kigoma kama bado unamjua yule muuzaji wa Kariakoo.

Msalimie mama yako, na umwambie kiti cha mbele ni chake.

Mimi mjomba wako.