Wingi wa Paka si Wingi wa Rehema



Mama zangu na dada zangu, tangu Shela hapa Malindi hadi Takaungu kule Kilifi, iko kauli tuliyoirithi bila kuihoji: kwamba kila paka anayeongezwa nyumbani ni thawabu iliyoongezwa. Nao wakianza kupiga chafya na kutokwa na matongo, husemwa ni upepo wa kusi, utapita.

Ninaye jirani, mama mwenye huruma, aliyekusanya paka 14 katika chumba kimoja cha uani ili wasigongwe na bodaboda. Dagaa walipikwa kila asubuhi. Hata hivyo paka walikonda, wakapigana, wakakojoa ovyo, na watoto wao wakafa mmoja baada ya mwingine. Akaniuliza, "Sheikh, hii si hasadi?" Nikamjibu kwamba jicho ni haki, lakini kabla ya kulilaumu jicho, natukihisabu chumba.

Paka si kondoo. Huwinda peke yake na hulinda mahali pake. Akisongwa asipate pa kujitenga, hofu humdhoofisha mwili, na mafua yaliyojificha ndani yake huamka. Chafya na sahani moja ya wote huyapeleka kwa wenzake. Na wingi huzaa wingi: jike huweza kushika mimba angali na miezi minne au mitano, na huibeba kwa wiki tisa hivi.

Twaijua sote Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Tukiisimulia hutaja njaa, tukasahau kwamba alimfungia asiweze kujitafutia. Jirani yangu simfananishi na mwanamke huyo, kwani yeye alilisha. Lakini rehema haikomei kwenye sahani. Naye Abu Qatada, alipomwinamishia paka chombo anywe, alimweleza Kabsha kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, bali ni katika wenye kutuzungukia majumbani. Kuzunguka ndiyo sifa yake. Tukimrundika, twamvua sifa hiyo.

Basi tuwafuge kwa kadiri ya nafasi na uwezo wetu. Kila mmoja awe na sahani yake, pa kujificha, na sanduku la mchanga. Kinyesi kiondolewe kila siku, kwani vijidudu vilivyomo huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Na mama mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo. Tuwapeleke kwa daktari wa mifugo wachanjwe dhidi ya kichaa. Ama kuhasi, vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii vinakataza kwa mnyama asiyeliwa, ilhali maulamaa wa Hanafi wameruhusu penye manufaa. Lisilo na khitilafu ni kuwatenga madume na majike wakati wa joto.

Anayekataa paka wa kumi kwa kuwa hana nafasi, hajapungukiwa na huruma. Amewahurumia wale tisa alio nao.

Wabillahi tawfiq.